KIPANDE CHA SHINGONI NA SIMU YA MFUKONI

Ndugu msomaji, najua ya kwamba wengi wenu mkilipata jarida hili mikononi huruka moja kwa moja hadi kwenye vitendawili na vichekesho. Siwalaumu, hata mimi hufanya hivyo. Lakini leo nawaomba mkae nami hapa kidogo, kwa sababu jambo ninalotaka kulieleza lilitufika nyumbani kwetu hapa Dundori, na mimi ndiye niliyelileta kwa kidole changu hiki cha gumba.

Jambo lenyewe ni haki ya faragha. Neno hili tulifundishwa katika somo la msamiati. Tuliandika kwamba faragha ni hali ya kuwa peke yako pasipo watu, tukafunga daftari, tukaenda zetu kucheza mpira. Kumbe neno hilo lina uzito kuliko tulivyodhani. Limo katika Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 31. Kwa lugha yangu mwenyewe, kifungu hicho kinasema hivi: kila mtu ana haki ya kutopekuliwa mwilini, nyumbani wala katika mali yake, ana haki ya kutochukuliwa vitu vyake, habari za jamaa yake na mambo yake ya binafsi zisidaiwe wala kufichuliwa pasipo sababu ya lazima, na mawasiliano yake yasiingiliwe.

Tafadhali shika hilo la habari za binafsi. Halisemi kwamba hakuna mtu anayeweza kukuuliza habari zako. Daktari atakuuliza unaumwa wapi, na ukimficha utaumia mwenyewe. Karani wa mtihani atataka jina lako kamili. Hata polisi wakiwa na hati ya mahakama wanaweza kuingia nyumbani wakapekua. Linalokatazwa ni kudaiwa habari bila sababu ya lazima. Kwa hivyo haki hii yote, kwa maoni yangu, imesimama juu ya swali moja dogo la Kiswahili: ya nini?

Sasa niwasimulie yaliyotupata.

Nilipokuwa kidato cha kwanza, muhula wa pili, mama alikuwa hajamaliza kulipa pesa zangu za chakula cha mchana. Wenzangu wa shule za kutwa mnajua maana yake. Ukifika saa saba unasimama kando ya foleni ukijifanya huna njaa, eti unasoma. Mama huuza maziwa, na msimu wa viazi hulima viazi kama kila mtu huku kwetu. Mwezi huo malipo ya maziwa yalichelewa. Rafiki yake mmoja akamwambia kwamba siku hizi hakuna haja ya kwenda kwa mtu kuomba, simu yenyewe inakopesha. Jioni akanipa simu akasema, "Wewe ndiye umesoma, hebu nitafutie hiyo kitu."

Nikaitafuta, nikaipata. Nilijiona mjuzi kweli kweli! Programu ile ikaanza kuuliza kwa Kiingereza. Unaniruhusu kuona majina na nambari zote zilizo katika simu hii? Nikabonyeza kubali. Unaniruhusu kusoma jumbe zako? Kubali. Kuona picha? Kubali. Kujua mahali ulipo? Kubali. Nilibonyeza mara nne, wala sikumsomea mama hata moja. Mama alikuwa ameketi kando yangu akimenya viazi, akaniuliza, "Inasemaje?" Nikamjibu, "Ni mambo ya kawaida tu, mama." Baada ya dakika tano pesa zikaingia, shilingi 3,000. Tulifurahi. Siku iliyofuata nilikula maharagwe na mahindi kama mwana wa tajiri.

Siku za kulipa zikafika, na malipo ya maziwa bado. Siku ya tatu baada ya hapo, mwalimu wetu wa darasa aliniita nje. Hakunikaripia. Alinionyesha simu yake tu. Kulikuwa na ujumbe uliotoka katika nambari nisiyoijua, wenye jina kamili la mama na kiasi cha deni, ukimwambia mwalimu amshauri mtu wake alipe kwa sababu ni mdanganyifu. Mwalimu akaniuliza kwa upole, "Mama yuko salama?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kumbe ujumbe huo haukwenda kwa mwalimu peke yake. Ulikwenda kwa mhasibu wa chama cha akina mama, kwa mzee wa kanisa, kwa mteja wa maziwa, kwa dada yake mama aliyeko Ol Kalou ambaye walikuwa hawajazungumza tangu mwaka uliotangulia, na hata kwa fundi wa baiskeli. Kila aliyekuwa ndani ya simu ile alipata. Jumapili mama hakwenda kanisani. Mkutano wa chama uliofuata, zamu yake ya kupokea pesa ikasogezwa mbele "mpaka mambo yatulie". Deni lenyewe tulilipa kwa kuuza kondoo, lakini maneno hayalipiki kwa kondoo.

Mama hakunilaumu hata siku moja. Ni heri angenilaumu.

Aliyenisemesha ni babu, baba yake baba. Babu ana miaka 87 hivi na alizaliwa katika shamba la Mzungu upande huu wetu, maana zamani sehemu hizi zote zilikuwa nchi ya walowezi na watu wetu waliishi humo kama vibarua. Nilipomweleza jinsi nilivyobonyeza, alicheka kidogo kisha akauliza, "Na ulitia kidole wewe mwenyewe? Hakuna aliyekushika mkono?" Nikasema hakuna. Akatikisa kichwa. "Baba yangu mimi walimshika."

Hapo ndipo aliponisimulia habari za kipande, nami tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza walimu wa Historia na kusoma kila ninapopata kitabu. Wengi wetu tumekariri kipande kama jibu la swali la mtihani: taja taabu 5 za Waafrika wakati wa ukoloni. Lakini hebu tukitazame vizuri kilivyofanya kazi, maana ndicho chanzo cha mambo haya yote katika nchi yetu.

Sheria ya kuandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, ikaanza kutekelezwa vita vilipokwisha, mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 (yaani wa umri wangu!) alitakiwa aandikishwe, achukuliwe alama za vidole, kisha apewe karatasi. Karatasi hiyo ilikuwa na jina lake, kabila lake, mahali alikotoka, alama ya kidole, jina la aliyemwajiri, siku aliyoandikwa kazi, mshahara, na siku aliyoachishwa. Iliwekwa ndani ya kijaluba cha bati chenye kamba, akaivaa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Babu anasema alipokuwa mtoto aliwahi kukichezea kile cha babake, akapigwa kofi ambalo analikumbuka mpaka leo, kwa kuwa mtu aliyekutwa bila kipande aliweza kutozwa faini au kufungwa.

Basi ona ujanja uliomo. Ili uachane na mwajiri mmoja uende kwa mwingine, ilikuwa lazima yule wa kwanza atie sahihi kwenye kipande chako kwamba amekuachilia. Asipotia sahihi, umekwama. Ukitoroka, alama za vidole vyako ziko Nairobi na mshahara wako umeandikwa. Mwajiri mpya akitaka kukulipa, anasoma ulilipwa kiasi gani na yule wa zamani, naye anakupa hicho hicho. Wewe uliyevaa karatasi hujui kusoma, lakini kila anayekushika shingoni anakusoma. Habari zako unazibeba wewe, faida yake anaila mwingine.

Watu hawakunyamaza. Harry Thuku na chama chake cha East African Association walipinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922, na siku mbili baadaye umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe. Mwanamke aitwaye Mary Muthoni Nyanjiru aliwachochea wanaume waliotaka kurudi nyuma. Askari wakafyatua risasi, naye akawa miongoni mwa waliokufa. Serikali ilihesabu maiti 21, na wengine wakasema walikuwa wengi kuliko hao. Nyanjiru anatajwa kwa mstari mmoja tu katika vitabu vyetu. Kwa maoni yangu anastahili sura nzima, lakini hiyo ni makala ya mwaka ujao.

Kisha kuna jambo ambalo lilinichekesha nilipolisoma. Mwaka 1947 sheria ilibadilishwa, ikatakiwa watu wa rangi zote waandikishwe, Wazungu nao wakiwemo, na wote watoe alama za vidole. Lahaula! Walowezi walikasirika kufa. Mwaka 1949 walifanya mikutano wakisema kuchovya vidole katika wino ni aibu, ni kuwafanya wahalifu. Mwishowe ikakubaliwa kwamba anayejua kusoma na kuandika aweza kutoa picha na sahihi badala ya vidole. Walikuwa wamevichovya vidole vya wenzao kwa muda wa karibu miaka 30 bila kuona aibu yoyote.

Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, mambo yakageuka tena yakawa mabaya zaidi kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru, kwani hawakuweza kutoka mahali pamoja kwenda pengine bila pasi. Babu alikuwa kijana wakati huo. Hapendi kuzisimulia siku hizo, nami sikumsukuma. Hata babu ana faragha yake.

Labda utaniambia, "Wewe, hayo ni ya Mkoloni. Sisi tuko huru." Kweli tuko huru, na kitambulisho cha leo si kipande. Hakifungwi shingoni, na hupewa mwanamume na mwanamke waliotimiza miaka 18. Bila hicho hupigi kura, hupati laini ya simu, huendi benki. Dada yangu alipopata chake alikilalia chini ya mto wiki nzima. Wala kuandikishwa si jambo baya. Ubaya au uzuri wake unatokana na nani anaandika, anaandika nini, anakiweka wapi na anampa nani akisome. Na hilo ndilo swali lililofikishwa mahakamani wakati wa Huduma Namba.

Mimi nilikuwa mtoto, lakini naikumbuka ile foleni ya kwa chifu mwaka 2019. Watu walitoka shambani na matope miguuni kwa kuogopa kwamba asiye na Huduma Namba hatapata huduma. Sheria iliyoanzisha mpango huo, ambayo ilirekebishwa mwaka 2018, ilitaja hata chembechembe za mwili zinazoonyesha ukoo wa mtu, zile ziitwazo DNA, na vipimo vya setilaiti vya mahali nyumba yake ilipo. Mashirika 3 yakaenda Mahakama Kuu, likiwemo lile la Wanubi, watu ambao wamekaa Kenya tangu enzi za babu zao na bado wamekuwa wakisumbuliwa wakitafuta vitambulisho. Tarehe 1 Aprili 2019 mahakama ikasema uandikishaji uendelee lakini mtu asilazimishwe, wala DNA na vipimo hivyo visichukuliwe. Kesho yake, tarehe 2, mpango ukazinduliwa. Huku kwetu habari ya kwamba si lazima haikufika. Foleni iliendelea vilevile mpaka mwisho.

Hukumu yenyewe ilitolewa tarehe 30 Januari 2020 na majaji Mumbi Ngugi, Weldon Korir na Pauline Nyamweya. Walisema kuchukua DNA na vipimo vya mahali kunavunja Katiba, na mpango usiendelee mpaka pawe na kanuni kamili za kulinda habari za watu. Mwaka uliofuata, Oktoba 2021, jaji mwingine akaamua kwamba hata kadi zilizokuwa zimeanza kutolewa zilitolewa kinyume cha sheria, kwa kuwa serikali haikuchunguza kwanza ni hatari gani zingeweza kuzipata habari hizo. Baadaye Huduma Namba ikaachwa, ikaja Maisha Namba. Nasimulia haya si kwa kuichukia serikali, bali kuonyesha kwamba serikali nayo inaweza kuulizwa "ya nini?" na ikalazimika kujibu.

Wakati mwingine anayeuliza si serikali, bali ni mtu mwenye pesa mkononi. Julai 2023 binamu yangu aliyekuwa Nairobi alipanga foleni pale KICC pamoja na maelfu ya vijana wengine. Kulikuwa na mpira wa chuma unaong'aa kama wa sinema. Unautazama, unaipiga picha mboni ya jicho lako, nawe unapewa sarafu za kompyuta za Worldcoin ambazo wakati huo ziliweza kugeuzwa zikawa kama shilingi 7,000. Binamu yangu alinunua viatu. Tarehe 2 Agosti 2023 serikali ikausimamisha mpango huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru picha hizo za macho zifutwe, kwani ruhusa iliyonunuliwa kwa zawadi si ruhusa halisi.

Nami namwuliza binamu kila tukikutana: nambari ya siri ya simu ikiibwa utabadilisha, ufunguo ukipotea utanunua kufuli nyingine. Jicho utalibadilisha wapi? Yeye hunijibu kwamba viatu vilikuwa vizuri.

Sasa tuitazame sheria tuliyo nayo, maana kulalamika bila kujua sheria ni kama kupigana gizani. Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa sahihi Novemba 2019. Data ni habari yoyote inayoweza kukutambulisha: jina, nambari, picha, sauti, alama ya kidole, ugonjwa ulio nao. Sheria hiyo inasema una haki ya kuambiwa habari zako zitatumiwa kwa kazi gani, kuziona zilizowekwa, kukataa zisitumiwe, kusahihisha zilizo na makosa, na kutaka zile za uongo zifutwe. Mtoto, yaani sisi hapa, habari zake hazitumiwi mpaka mzazi au mlezi atoe idhini. Kuna ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kamishna wa kwanza, Bi. Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020. Mtu akikosewa anaweza kulalamika huko kwa kuandika au hata kwa mdomo, bila malipo, nayo ofisi inatakiwa imalize uchunguzi katika siku 90.

Wapo wanaodhani hayo ni maneno ya vitabuni tu. Basi sikilizeni. Septemba 2023 ofisi hiyo ilitoza faini mahali patatu kwa mpigo mmoja. Kampuni ya mikopo ya simu iitwayo Mulla Pride ilitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu iliyozipata kwingine, na kuwatumia jumbe za vitisho. Baa moja ya Nairobi, Casa Vera Lounge, ilitozwa 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja wake mtandaoni bila ruhusa. Na shule (ndiyo, shule!) ya Roma iliyoko Uthiru ilitozwa 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Niliposoma hiyo ya tatu klabuni, mlezi wetu aliinua macho, akauliza picha ya jalada la jarida la mwaka jana ilipigwa na nani. Kila mtu alicheka, lakini mwaka huu mnaona wenyewe kwamba tulipewa barua tupeleke nyumbani kwanza. Jalada lilichelewa wiki mbili kwa sababu hiyo.

Tena kuhusu ile mikopo: kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinamkataza mkopeshaji wa simu kuingia katika orodha ya majina ya mdaiwa ili awatumie watu wengine ujumbe kwa sababu ya deni. Yaani yaliyomfika mama yalikuwa yamekwisha kukatazwa kabla sijabonyeza. Hatukujua. Nilipojua, kondoo alikuwa ameshauzwa, simu ya zamani imeharibika, na ule ujumbe hatukuwa nao tena. Kwa hivyo nikupe shauri moja la bure: ukitumiwa ujumbe wa namna hiyo usiufute kwa hasira. Uhifadhi, ndio ushahidi wako.

Nimesikia pia hoja ya "mimi sina la kuficha". Kiranja mmoja, rafiki yangu, alinipinga hivyo katika mjadala wa klabu, akapigiwa makofi. Alisema anayeogopa kuchunguzwa ni mwizi tu. Nilimjibu kwa mfano ambao mlezi hakuupenda sana, nao ni huu: choo chetu cha shule kina mlango. Je, tunafanya uhalifu humo? Wote tunajua kinachofanyika humo, wala hakuna siri, ila mlango ukivunjika tunalia mpaka urekebishwe. Kuna mambo ambayo ni halali kabisa na bado si ya kila mtu. Deni la mama halikuwa wizi. Ugonjwa si wizi. Kuachana kwa wazazi si wizi. Katika shule ya msingi niliyosoma, ambayo sitaitaja, majina ya wenye deni la karo yalikuwa yakisomwa kwenye gwaride kila Ijumaa, na kulikuwa na msichana aliyekuwa akipoteza fahamu kila Ijumaa asubuhi. Tulidhani ana kifafa.

Lakini rafiki yangu naye alikuwa na ukweli kidogo, nami sitaki kuwa mkaidi. Duka moja hapa kituoni limewekwa kamera, na wezi waliokuwa wakilivunja wamepungua. Magunia ya viazi yakiibwa usiku, hakuna anayezungumzia faragha ya mwizi. Tofauti ninayoiona ni kwamba ile kamera inatazama mlango wa duka, na kila anayeingia anaiona juu pale. Hiyo ina jibu la "ya nini". Mtu akiigeuza ikatazama dirisha la jirani, hana jibu.

Mama naye ana simu nyingine sasa. Programu ikimwuliza jambo, ananiita nimsomee kila neno kwa Kiswahili, hata kama uji unachemka na kumwagika. Nyingine anakataa. Nilishangaa kuona kwamba ukikataa, mara nyingi programu hufanya kazi vilevile.

Likizo iliyopita nilimsindikiza Nakuru kufuatia malipo yake ya maziwa katika ofisi moja iliyo ghorofani. Mlangoni askari wa zamu alitupa kitabu kikubwa tuandike jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, tunakotoka na tunakokwenda. Kitabu kilikuwa wazi, na kila aliyekuja aliwaona waliomtangulia, majina na nambari zao zote. Mama alishika kalamu, akakitazama kwa muda. Nyuma yetu watu walianza kuguna.

"Kijana wangu," akamwambia askari, "jina nitaandika. Hii nambari ya simu ni ya nini?"

Askari alikuna kichwa. Akalifunua lile jalada kana kwamba jibu limeandikwa hapo, akalifunika tena.

"Hata mimi sijui, mama," akasema. "Nilikuta inaandikwa. Weka jina tu, upite."